Ukipata Kazi, Rudi Tukuajiri

Mvuke umetanda chumbani hata mtu hamwoni mwenzake. Ni saa mbili asubuhi, nyuma ya jiko la Hoteli ya Mkadi, kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Wanaume wawili wameshika shuka, huyu kona hii, yule kona ile, wanavutana kama watu wanaogombania mkeka wa urithi. Shuka inanyooka, inakunjwa mara mbili, inapigwa kofi, inawekwa juu ya nyenzake.

Mrefu kati ya hao wawili ni Dedan Musyoka, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mkuu wa wafuaji wa hoteli hii. Jasho linamtiririka lakini uso una furaha.

"Jana wamelala hapa wageni karibu mia mbili," anasema huku akifikicha macho. "Kila mmoja ameamka akaacha shuka chafu. Mungu awazidishe."

Ukimwona hivi leo, huwezi kudhani kwamba miaka mitatu iliyopita hapakuwa na hoteli Malindi nzima iliyomtaka, hata kwa kufua matambara ya kupigia deki. Haikuwa kwa sababu hajui kazi. Kazi aliijua tangu ujana. Dosari yake ilikuwa moja tu, nayo haikuwa na dawa: hakuwa na kazi.

Musyoka ni mzaliwa wa Mwingi, Ukambani. Alifika pwani mwaka 1972 akimfuata mjomba wake, akaanza kuteka maji, kisha akapata nafasi ya udobi katika Hoteli ya Kasa. Alidumu hapo miaka mingi, akafika kulipwa shilingi mia nane kwa mwezi, akamwoa Jedida, wakapanga chumba mtaa wa Shela, wakapata watoto watatu.

Katikati ya mwaka 1983 mwenye hoteli, mzungu mmoja mpole, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia anakwenda Ulaya kumwona mamake. Akawaomba wavumilie kidogo.

"Mpaka leo bado anamwona," anasema Musyoka.

Hoteli ikafungwa. Waliokuwa na mashamba wakarudi mashambani. Musyoka hakuweza, kwa kuwa mvua zilikuwa zinapungua Ukambani, na mwaka uliofuata zikakataa kabisa. "Nyumbani walikuwa wananingoja mimi," anakumbuka, "na mimi nilikuwa nawangoja wao."

Akaanza kuzunguka mahotelini. Asubuhi alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe hadi ukosi ukasimama kama ubao, akashika njia. Kila alipofika, mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipokuja swali moja: sasa hivi unafanya kazi wapi?

Kwenye hoteli ya kwanza alieleza ukweli, kwamba ile ya kwao imefungwa. Karani akamtazama kwa jicho la pembeni akamuuliza kama ilifungwa kwa watu wote au kwake yeye peke yake.

Kwenye hoteli ya pili meneja alimsikiliza kwa heshima, akamwagizia hata chai. Halafu akamweleza kwamba papai zuri halilali sokoni. Kama yeye ni fundi kweli, mbona miezi sita hakuna aliyemchukua? Musyoka alijibu kwamba hakuna aliyemchukua kwa sababu kila mmoja anauliza hivyohivyo. Meneja akasema, basi ndiyo hayo, wote hawawezi kukosea.

Jambo lililomuuma zaidi ni habari za Maina, waliyefanya kazi pamoja Kasa. Maina alikuwa mtu mzuri, mcheshi, ila pasi na yeye hawakupatana. Aliunguza vitambaa vya meza hadi mpishi akawa anamuuliza kama na yeye anachoma nyama. Lakini Maina alihamia hoteli nyingine wiki chache kabla ya Kasa kufungwa. Kwa hivyo alikuwa kazini. Na kwa kuwa alikuwa kazini, hoteli ya tatu ikamnyang'anya kutoka ya pili, na ya nne ikamnyang'anya kutoka ya tatu, kila moja ikimwongezea mshahara, naye akiacha nyuma yake alama za pasi.

Mwezi wa pili mwaka 1984 Musyoka alifika Hoteli ya Mkadi. Palikuwa na nafasi, na karani alimpenda. Aliposikia kwamba mwombaji yuko nyumbani tu, karani aliweka kalamu chini kwa masikitiko ya kweli.

"Ndugu yangu, wewe mtu mzuri," alimwambia. "Ukipata kazi, rudi tukuajiri."

Musyoka anasema alitembea mpaka Shela akiyarudia maneno hayo njiani, akiyageuza kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba kwa kuipapasa. Alipofika alimhadithia mkewe. Jedida wakati huo ndiye aliyekuwa akilisha nyumba, kwa kuwapikia chapati na maharagwe mafundi waliokuwa wakijenga mtaa wa Barani. Alikuwa amechoka, na amejaa unga hadi viwikoni. Alimwambia ayarudie tena, polepole. Musyoka akayarudia.

"Basi tafuta kazi," Jedida akasema, "ili upate kazi."

Hakusema kwa mzaha. Alikuwa tayari amewaza kuwapeleka watoto kwa dada yake Kibarani, Kilifi, hadi mambo yatengemae, na Musyoka alijua kwamba familia ikishaanza kugawanywa hivyo, kuikusanya si kazi ndogo.

Walivumilia. Miezi miwili ikapita, na maneno ya kazi na watoto yakarudi tena mezani, safari hii kwa sauti ya juu. Nyuma ya ua wa makuti alikuwa ameketi mwenye nyumba, Bi Kuluthumu binti Shee, akipepeta mchele na kusikiliza bila kificho. Bi Kuluthumu alizaliwa Faza, visiwa vya kaskazini, akaletwa Malindi kwa ndoa, na mumewe, Mzee Muhidin, alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Alijipatia riziki kwa kodi za vyumba viwili na kwa mahamri ya asubuhi.

"Yaani shida yenu ni hiyo tu?" akauliza juu ya ua. "Musyoka, kuanzia kesho wewe ni mtu wangu wa kazi. Ukiulizwa, sema uko kwangu."

Musyoka akamshukuru, akadhani ni maneno ya kusema tu watu wakiuliza. Kesho yake saa moja asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Bi Kuluthumu, akitaka kujua kwa nini mfanyakazi wake amechelewa siku ya kwanza.

"Mimi si mwongo," anaeleza Bi Kuluthumu hivi leo, akiwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. "Nikisema mtu yuko kazini kwangu, yuko kazini kwangu. Sitakwenda kuulizwa na Mola kwa ajili ya shuka za wazungu."

Tatizo lilikuwa ni kazi yenyewe, kwani haikuwepo. Baada ya kufikiri, Bi Kuluthumu alifungua sanduku akatoa kanzu saba za marehemu mumewe, zilizokuwa zimegeuka rangi ya chai. Akamwambia azifue. Musyoka alizifua, akazitia buluu ya kung'arisha na wanga, akazianika, akazipiga pasi ya makaa hadi zikang'aa. Kesho yake aliuliza kazi ni ipi. Akaambiwa azifue tena.

Kwa hivyo kanzu saba za marehemu zikawa zinapepea kwenye kamba ya Bi Kuluthumu kila siku ya Mungu. Musyoka hakuona neno. Jedida naye hakuona neno. Mtaa wa Shela uliona.

Habari zilienea kwamba Bi Kuluthumu ameolewa kimyakimya. Tena, watu walisema, mume mwenyewe lazima awe tajiri, kwani kwa kuhesabu kanzu za kambani tu, havai kanzu moja mara mbili kwa wiki. Wanawake walikuja kununua mahamri wakichungulia ndani. Jirani mmoja, Harusi, alileta zawadi ya udi akakataa kuondoka mpaka amwone bwana harusi. Bi Kuluthumu alimwambia ukweli, kwamba nguo ni za marehemu. Harusi akatoka mbio akieneza kwamba marehemu amerudi.

Hatimaye akaja shemeji mtu, Mzee Mahadhi, mdogo wake marehemu, kutoka Mambrui. Alikuja na bakora na ghadhabu, akidai kuelezwa ni nani aliyeingia katika nyumba ya ndugu yake bila yeye kushauriwa. Akaoneshwa kanzu, akaoneshwa Musyoka aliyekuwa na povu hadi mabegani.

Mzee Mahadhi alizizunguka kanzu. Akashika mkono wa moja, akauangalia juani. Akamuuliza Musyoka hizi ndizo zilezile za ndugu yake, za miaka ile? Akajibiwa ndizo. Kisha akaomba kitambaa cha kujifunga, akavua kanzu aliyovaa, akamkabidhi Musyoka aifue.

"Alikaa na kitambaa chumbani kwangu hadi alasiri," anasema Bi Kuluthumu. "Na watu wakazidi kusema."

Alirudi Mambrui akiwa mweupe kama maziwa. Ijumaa iliyofuata msikitini, wanaume walimuuliza kanzu hiyo amenunua wapi. Wiki haikwisha kabla ya vifurushi kuanza kufika Shela. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, kamba moja haikutosha. Zikafungwa tatu, kutoka kwa Bi Kuluthumu hadi kwenye mti wa mlonge wa Harusi, aliyekubali baada ya kupewa haki ya kuwa wa kwanza kujua kila kanzu ni ya nani.

Ule uajiri wa kusaidiana ukawa uajiri kamili, na Bi Kuluthumu akawa tajiri wake, tena tajiri mkali. Alimkatia Musyoka saa za kuingia. Alikagua ukosi mmoja mmoja. Mchana wa Ramadhani, yeye akiwa amefunga na Musyoka Mkristo wa kanisa la Africa Inland, alimruhusu kula chapati zake nyuma ya choo, mradi asitafune kwa sauti. Siku moja Musyoka alichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Bi Kuluthumu akamfukuza kazi papo hapo.

"Nilikuwa nimefukuzwa kazi ambayo sikuwa nayo," anasema Musyoka. "Nilikaa kitandani nikasikia uchungu wa kweli."

Ilibidi Jedida aende kumwombea radhi. Akakubaliwa, kwa sharti kwamba siku hiyo ihesabiwe kuwa ya likizo.

Baada ya Idi, hoteli zilianza kujiandaa kwa msimu wa wageni. Musyoka alirudi Hoteli ya Mkadi. Karani yuleyule akauliza swali lilelile, na safari hii Musyoka alijibu bila kupepesa kwamba yuko kwa Bi Kuluthumu wa Shela, dobi wa kanzu. Karani akatabasamu, akampeleka kwa msimamizi wa wafanyakazi, Bwana Mwaura, mtu wa Murang'a ambaye hupenda kuhakikisha mambo kwa macho yake. Mwaura akasema atafika Shela kuongea na tajiri wake.

Mpango wa tangu mwanzo ulikuwa kwamba siku hiyo Bi Kuluthumu atamsifu. Musyoka alimkumbusha. Bi Kuluthumu akaitikia kwa kichwa, ila, anasema Musyoka, aliitikia kama mtu anayesikia habari za msiba.

Mwaura alifika saa nne. Aliamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba," akakaribishwa kwenye baraza. Musyoka alikuwa nyuma yao, pasi mkononi, akijifanya hasikii.

"Huyu Musyoka," Mwaura akaanza, "ni mfanyakazi wa namna gani?"

"Mvivu," akasema Bi Kuluthumu.

Musyoka anasema pasi ilikuwa mkononi mwake lakini aliyeungua ni yeye.

"Mvivu, mchelewaji," mama akaendelea, macho yako barabarani. "Na kula ndiyo usiseme. Anakula kama nondo."

"Sasa kwa nini humfukuzi?"

"Namwonea huruma."

Mwaura alizitazama zile kamba tatu, kanzu zilizokuwa zikimeremeta kutoka ukutani hadi kwenye mlonge, na vifurushi vilivyorundikwa mlangoni vikingoja zamu. Alikunywa kahawa yake hadi tone la mwisho, akashukuru, akapita nyuma kwa Musyoka, akamwambia kwa sauti ya chini aanze Jumatatu.

"Nimeajiri watu miaka mingi," Mwaura anaeleza akiwa ofisini kwake. "Mwajiri akimsifu mtu mpaka akapitiliza, ujue ni mzigo, anatafuta pa kuutua. Lakini akimtukana hivyo na bado amemweka, huyo ni lulu."

Jioni ile kule Shela hapakuwa na maneno mengi. Bi Kuluthumu alifunga mlango wake mapema. Musyoka alibisha, akamwamkia, akamwomba radhi, ingawa hakujua kosa lake ni lipi. Alijibiwa kutoka ndani kwamba mtu wa bara hana wema.

Jumatatu saa tatu asubuhi, Musyoka akiwa ndani ya sare mpya, aliitwa mapokezi. Alimkuta Bi Kuluthumu katikati ya ukumbi, buibui limenyooshwa, mwavuli mkononi, wageni wawili wa Kijerumani wakimpiga picha. Alikuwa amekuja kuchukua mtu wake.

Mwaura alimkalisha, akamwagizia chai. Wakavutana. Bi Kuluthumu alisema yeye ndiye aliyemwokota mtu huyu wakati ametupwa. Mwaura akasema hoteli inatoa sare na siku moja ya mapumziko. Bi Kuluthumu akasema atatoa siku moja na nusu, na wali wa nazi. Mwaura akasema hoteli ina daktari. Bi Kuluthumu akauliza, kwani yeye dua zake zina kasoro gani?

Musyoka alisimama kati yao, hajui acheke au alie.

"Mwezi wa pili katika ukumbi huohuo niliambiwa sifai," anasema, na kwa mara ya kwanza tabasamu linamtoka. "Mwezi wa saba nagombaniwa kama mwari. Na mikono ni hii hii. Sabuni ni ileile. Sikujifunza kitu chochote hapo katikati."

Alimgeukia Mwaura akamwambia hivyo. Akamkumbusha kwamba alikuja hapa na akarudishwa.

"Wakati ule ulikuwa wapi?" Mwaura akauliza.

"Nyumbani."

"Basi ndiyo sababu," akasema Mwaura, bila haya wala ubaya, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Musyoka alichagua hoteli. Watoto walikuwa wanakaribia kuanza muhula, na nyumbani Mwingi walikuwa wanakula matunda ya porini. Lakini alimwahidi Bi Kuluthumu kwamba hatamwacha mikono mitupu. Jioni hiyo alimtafuta Katana Dzombo, mtu wa Rabai, aliyekuwa dobi mwenzake Kasa na ambaye tangu hoteli hiyo ifungwe alikuwa akiuza madafu huku akitafuta kazi. Akampeleka barazani.

Bi Kuluthumu alimkagua Katana toka kichwani hadi miguuni.

"Sasa hivi anafanya kazi wapi?" akauliza.

Musyoka akasema hafanyi.

"Tangu lini?"

Tangu mwaka jana.

Bi Kuluthumu akavuta mtandio. Akasema hapana, yeye sasa ana biashara, ana jina, hawezi kuchukua mtu ambaye mwaka mzima hakuna aliyemtaka. Lazima ana sababu huyo.

Katana akainama kuchukua kofia yake. Alikuwa amezoea. Musyoka anasema ni kule kuzoea ndiko kulikomkata maini, namna mwenzake alivyogeuka kuondoka bila hata kukasirika.

"Bi Kuluthumu," akamwambia, "na mimi ulinitoa wapi?"

Mama akatazama kamba, akatazama vifurushi, akamtazama Katana ambaye tayari alikuwa ngazi ya mwisho.

"Wewe nilikuwa nakujua," akasema.

"Na huyu naye utamjua."

Kisha Bi Kuluthumu akampigia Katana kelele kwamba anaondoka saa za kazi anakwenda wapi.

Katana yuko hapo mpaka leo. Amefukuzwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na anasema siku hizi akifukuzwa hunywa kahawa kwanza ndipo arudi. Kamba zimefika sita, na kanzu zinaletwa hata kutoka Sabaki na ng'ambo ya mto.

Lakini linalomkosesha Musyoka usingizi sasa ni mwezi wa nne. Kila masika yakiingia wageni huondoka, na hoteli huwapumzisha nusu ya vibarua wake wa kufua. Mwezi wa saba wakirudi kuomba kazi, huulizwa walikuwa wapi. Msimu uliopita wanane walisema walikuwa nyumbani, na watano hawakuchukuliwa tena. Mmoja ni Easter, mama wa watoto wanne, ambaye kwa kunyoosha mashati, Musyoka anasema, yeye mwenyewe hamfikii.

Amezungumza na Mwaura. Ameomba swali lile liondolewe, na mahali pake mwombaji apewe shati lililokunjamana na pasi yenye moto. Mwaura amesema atafikiria. Musyoka hakungoja afikirie. Yeye, Katana na Jedida wamekwisha kusimamisha banda la makuti nyuma ya nyumba ya Bi Kuluthumu, lenye jiko la makaa la kukaushia nguo wakati wa mvua. Ikifika Aprili ijayo, kila atakayepumzishwa na hoteli atahamia bandani, Easter aliyekwisha kuachwa akiwa wa kwanza, na Julai akiulizwa yuko wapi atakuwa na jibu.

"Kazi itakuwa ya kweli," anasema Musyoka. "Kwa yule mama hakuna kazi ya uongo. Watajuta."

Bi Kuluthumu ameukubali mpango, kwa masharti. Wafike mapema. Wasimalize wali. Na mtu asimwite tena Bi Kuluthumu wakati wa kazi, bali Mkurugenzi.

Mwandishi wa makala haya alipoinuka kuaga, Mkurugenzi alimzuia kwa mkono. Akamtazama viatu, akapanda na suruali, akafika kwenye ukosi wa shati, akatikisa kichwa.

"Na wewe mwanangu, hilo gazeti lenu likifungwa, wajua kupiga pasi?"

Mwandishi akakiri kwamba hajui.

"Basi njoo Aprili," akasema. "Katana atakufunza."